Mkono Usiofika Sikioni

Walimu wenzangu mlioniaga juzi kwa keki iliyoyeyuka kabla ya hotuba kwisha, mliniomba niwaachie maneno mawili ya hekima. Hekima sina. Nina kumbukumbu, na nyingi si za kuchekesha. Vyeo sitavitaja, mishahara ndiyo kabisa, na aliyeniruka kwenye kupanda daraja mtamuuliza mwenyewe, bado yuko mjini na kitambi chake. Nitawaeleza habari za mtoto mmoja wa kike. Ninyi leo mnaandika "elimu jumuishi" kwenye maandalio ya somo, mnapiga mstari chini, halafu mnaniuliza eti zamani tulikuwa tunafanyaje. Tulikuwa tunafanya hivi.

Nilipangiwa kazi Mgeta miaka ya ruksa, maduka ya ushirika yalipokuwa yanafungwa na kila mwenye mtaji anafungua lake. Mimi ni mtu wa Songea, milima naijua, lakini ile ya Uluguru ilinitoa ulimi nje. Shule ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa mlima, na uwanja wake umeinama kiasi kwamba mpira ukitoka, mchezo unasimama hadi mtu ateremke bondeni kuufuata. Ukungu ukiingia darasani humwoni mwanafunzi wa nyuma, naye anafurahi sana.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa siku ya kuandikisha darasa la kwanza. Vyeti vya kuzaliwa havikuwapo. Ukimwuliza mama huyu kazaliwa lini, anakujibu kazaliwa mwaka ule wa mvua iliyobomoa daraja. Basi kipimo kilikuwa sikio. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la kushoto, amekua, aandikwe. Visipogusa bado mdogo, arudi nyumbani akaongeze ugali. Wengine wenu mlipimwa hivyo hivyo, msijifanye hamkumbuki. Mwalimu mkuu wetu, mtu mrefu, mkali ila si mbaya, alisimama mbele ya mstari na fimbo kwapani akiita, "Sikio! Haya, mwingine! Sikio!" Watoto walikuwa wengi kuliko nafasi, na kipimo kile kilimpunguzia kazi.

Zena alikuja mgongoni mwa mama yake, amefungwa kanga kama mtoto mchanga huku miguu ikining'inia karibu na magoti ya mama. Mama akamweka chini juu ya gunia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika kifuani, ngumi imefumba. Wa kushoto ulikuwa unakwenda unakotaka wenyewe. Leo mngesema mtindio wa ubongo, na mngesema kweli. Pale kijijini walisema kiwete, basi, mazungumzo yamekwisha.

"Sikio," akasema mwalimu mkuu.

Mtoto akajaribu. Shingo ikavutika, mate yakamtoka, mkono ukafika begani ukaanguka.

"Bado mdogo. Mwakani."

Nilidhani anatania. Mama akaanza kufunga kanga yake, amezoea. Baadaye nikaambiwa hiyo ilikuwa mara ya tatu. Ndipo Zena akafungua mdomo, na kila neno likamtoka kwa kusukumwa: "Mwalimu, mdogo wangu yuko darasa la pili."

Watu wakaangua kicheko. Mimi damu ilinipanda kichwani. Mgeni wa siku moja, hata kiti sijakalia, nikamwambia mkuu wangu wa kazi mbele ya wazazi, "Mwangalie meno, Mwalimu. Ya mbele yameng'oka na kuota mengine. Mtoto mdogo gani ana meno hayo?"

"Mwalimu Kapinga, kipimo ni kimoja kwa wote. Leo meno, kesho utaniambia nipime kwato."

"Kumpima kwa mkono mtoto asiyenyoosha mkono, hapo unapima nini?"

Nikajua nimeshafukuzwa kazi kabla ya kuanza. Kisha akaandika jina. "Haya, wako huyo. Akikushinda darasani, utambeba wewe." Mama Zena akanishika mikono yote miwili, akalia.

Sasa msidhani nilijua la kufanya. Chuoni walinifundisha kufundisha watoto wanaokaa wima. Aliyeniokoa ni Mwalimu Hadija, mwenyeji wa pale pale Mgeta, aliyefundisha darasa la kwanza miaka na miaka na kuzeeka nalo. Nilianza kwa kumpakata Zena wakati wa somo, Mwalimu Hadija akanifokea: "Weee, acha kumwonea huruma, mkalishe! Mtoto anayeogopa kuanguka hasikii unachomfundisha." Tukachukua tenga la nyanya lililochakaa, tukalikata mbele, tukalishindilia masweta ya mitumba yaliyotoboka. Zena akakaa humo, mgongo umeshikwa, miguu nje. Penseli haikushikika katika mkono wake wa kushoto, ikawa inamponyoka. Mwalimu Hadija akatoboa gunzi la mahindi, akaichomeka penseli katikati. Gunzi lilimjaa mkononi, mkono ukatulia kidogo. Ubao mdogo wa kuandikia tukaufunga kwa mpira wa baiskeli juu ya kipande cha mbao. Herufi zake zilikuwa kubwa kama maboga, neno moja linamaliza ubao, lakini zilisomeka. Hivyo ndivyo vilikuwa vifaa vyetu maalumu, hakuna mfadhili aliyevibandika nembo yake.

Kusoma alisoma kabla ya nusu ya darasa. Kuongea ndiko kulikotusumbua sisi watu wazima. Watoto wenzake walimwelewa tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa naye Asha, jirani yake wa dawati, aliyegeuka mkalimani bila kuteuliwa. Nasoma hadithi ubaoni, Zena anagugumia, Asha anasimama: "Mwalimu, Zena anasema umeruka mstari." Nageuka, kweli nimeruka. Siku mwalimu mkuu alipokuja kukagua akauliza maswali kila safu akamruka yeye, Zena hakusubiri mkalimani. "Na mimi?" akasema. Mwalimu mkuu akamuuliza, akajibiwa sawasawa, akatoka nje akijikohoza. Mdomo ule jamani! Nilimpenda kwa mdomo ule.

Shida haikuwa darasani, ilikuwa njiani. Kutoka kwao hadi shuleni ni njia ya miguu, mteremko halafu mpando, na mtoto anakua. Miaka ya mwanzo mama alimleta asubuhi, akaenda shamba, akamfuata mchana. Kisha malori ya Dar yakaanza kupanda mlimani kufuata kabichi, karoti na njegere. Biashara huria hiyo. Kila aliyekuwa na kipande cha shamba alikuwa mbioni, maana lori halimsubiri mtu: mzigo wako usipokuwa barabarani wakati wa kupakia, kabichi zinaozea miguuni pako. Na wakati ule ule shuleni tukaanza kuambiwa wazazi wachangie hiki, wachangie kile. Mama Zena akawa anahitajika barabarani na shuleni saa ile ile. Wanafunzi wakubwa nikawapangia zamu za kumbeba. Wakambeba vizuri kiangazi kizima, masika yalipoanza wazazi wao wakakataa, na siwalaumu.

Basi siku moja ya lori mama akabeba vyote viwili. Zena mgongoni, gunia la kabichi kichwani, udongo umelowa. Walianguka kwenye kona ya juu ya kijito. Tuliwakuta wamelala matopeni, bado wamefungwa pamoja kwa kanga, goti la mama limevimba na paji la mtoto limechanika. Nilipomwinua Zena aliniambia, "Kabichi zimefika bondeni kabla yetu." Nilicheka huku namfuta damu usoni.

Baada ya hapo hakuja shule. Nikapanda kwao kumbembeleza baba. Baba yule alikuwa mpole mno, kila nililosema aliitikia, "Ni kweli, Mwalimu. Umesema vema." Nikarudi mara ya pili, ni kweli Mwalimu. Ya tatu, vile vile, na mtoto haji. Mwalimu Hadija aliposikia alicheka hadi akakaa chini. "Mngoni wewe, unampigia nani kelele? Huku mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba ni la kwa mama. Baba yake atakubali hata ukimwambia anunue meli. Nenda kwa mjomba!"

Mjomba Salumu, kaka mkubwa wa mama Zena, alikuwa fundi wa mbao, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kupiga randa.

"Mwalimu, dada yangu ana mgongo mmoja," akasema. "Akimbeba Zena, wadogo zake Zena hawali. Akibeba kabichi, Zena hasomi. Na sasa goti limekufa. Unataka nichague nini?"

Nikasema nilichokuwa nacho: mjini Morogoro kulikuwa na shule ya msingi yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu, na kitengo kilikuwa na bweni. Jina la shule nalihifadhi. Watoto walilala pale pale, hakuna mlima wa kupanda. Ila walipokea mtoto anayejimudu tu. Aende chooni mwenyewe, ale mwenyewe, avae mwenyewe. Atapimwa siku ya kufika.

Mjomba akaweka randa chini. "Zena aende chooni mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Akiweza hayo, mimi mwenyewe nitamruhusu aende. Asipoweza, Mwalimu, nakuomba umwache dada yangu apumzike."

Kumbe alikuwa ameshakubali, hakutaka tu kuonekana. Wiki ile ile alikata mianzi akajenga reli ya kushikia kutoka mlangoni hadi chooni, akaipiga msasa isimchome. Akachonga kijiko chenye mpini uliopinda. Mwalimu Hadija akashona gauni lisilo na kifungo hata kimoja, la kuingia kwa kichwa, na chupi ya lastiki pana. Nami nikawa napanda kila nikipata nafasi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumzuia mama asimsaidie. Zena anaanguka, mama anainuka, namshika. Mama akawa anakaa kaugeukia ukuta, anamsikiliza mwanawe akijikokota nje kwenye vumbi na kutukana mianzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kiangazi chote. Nimefundisha watoto kusoma, kuhesabu na kuimba, ila sijaona mtu akijifunza kwa uchungu namna ile.

Akaweza. Siku hiyo mjomba alimbeba mwenyewe hadi shuleni, tukamketisha kwenye tenga lake, na kabla sijaita majina Zena akatangazia darasa zima: "Nimekwenda chooni mwenyewe!" Asha hakuhitaji kutafsiri. Darasa likapiga makofi, wengine wakapiga madawati. Mwalimu mkuu akaja mbio kuuliza kuna nini, nikamwambia, akapiga makofi na yeye.

Nafasi niliifuatilia ofisi ya elimu mjini, njoo kesho, njoo Jumatatu, mhusika yuko semina. Mwisho nikaambiwa mlete shule zikifunguliwa, atapimwa. Tukateremka na lori la kabichi, Zena na mama mbele kwa dereva, mimi juu ya mzigo na sketi yangu ya kazini. Tulipofika Mlali, kule chini mlima unapoishia, dereva alisimama kuweka maji kwenye rejeta. Zena akachungulia dirishani. Hakuwahi kuona ardhi iliyolala tambarare namna ile. Akaniita: "Mwalimu, huku mtu akianguka anaishia wapi?"

"Pale pale alipoangukia," nikamwambia. Akacheka hadi dereva akacheka.

Matroni wa bweni alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo. Alimpima Zena bila haraka. Akampa uji, Zena akatoa kijiko cha mjomba wake, akala, akajimwagia kidogo tu. Akamwambia avue gauni avae tena, akavua, akavaa. Akamwonyesha choo. Kule hakukuwa na reli, kulikuwa na ukuta tu. Tulimwona akijikokota akiuegemea ukuta, akapotea mlangoni, tukasubiri. Mama Zena aliushika mkono wangu hadi kucha zikaniingia. Zena akatoka, jasho linamtiririka, akatazama kila mmoja wetu kwa zamu.

"Anajimudu," akasema matroni. "Anajimudu kabisa."

Mama akapiga magoti pale pale na goti lake bovu, akamshukuru Mungu. Ndipo nikaona matroni haangalii watu usoni.

Bweni lilikuwa halifunguliwi. Mpishi na mayaya walikuwa wamepunguzwa kazi, lile punguza punguza la miaka ile mnalolisikia kwa wazazi wenu, na chakula cha bweni hakikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Watoto waliokuwapo walikuwa wamesharudishwa makwao. Matroni mwenyewe alikuwa anamalizia mwezi wake.

"Sasa umempima wa nini?" nikamuuliza. Nilipiga kelele, sikatai.

"Mmetoka mbali, Mwalimu," akasema. "Niliona vibaya kuwarudisha bila hata kumpima."

Nilikwenda ofisini, nikakaa kwenye benchi, nikaambiwa linashughulikiwa. Nikarudi kesho yake, bado linashughulikiwa. Kuna mtu mmoja mle ndani aliyekuwa mkweli. Akanifuata koridoni akaniambia, "Dada, mrudishe mtoto kwao. Hapa utazeeka." Tukatafuta lori la kupanda, safari hii tukakaa wote mbele.

Njiani Zena alikuwa akikigeuza geuza kijiko cha mjomba wake. Tulipoanza kupanda mlima ndipo akauliza, "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Ni kijiko?"

"Hapana, Zena. Ulifaulu vyote."

"Basi mbona tunarudi?"

Nilianza kumweleza habari za serikali, mpishi, chakula. Nilisikia mwenyewe ninavyoongea upuuzi. Yeye akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akageuza uso dirishani.

Mjomba Salumu tulimkuta barabarani, pale malori yanapopakia. Alikuwa anauliza kila dereva habari za mjini. Dada yake alishuka kwanza. "Amefaulu," akamwambia. Mjomba akainua mikono juu, akaanza kucheka kwa sauti, akawaambia hata wapakizi, "Amefaulu!" Kisha akaniona ninamteremsha Zena. Mikono ikabaki juu bila kazi. Mama akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamfunga mgongoni, akaanza kupanda na goti lile lile. Iliniuma, na inaniuma hadi leo, na msinipe pole maana haimsaidii mtu.

Niliacha siku chache zipite, nikapanda kwao. Nilikuwa nimejipanga. Zamu mpya za kubeba, mwalimu mkuu amekubali, mjomba amekubali, hata baba amekubali kama kawaida yake. Nikamkuta mama anapalilia. Zena alikuwa ameketi juu ya gunia kando ya shamba, anamenya njegere kwa ule mkono wa kushoto, anazidondosha kwenye beseni. Nikasema yote niliyokuja nayo. Mama alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Mwalimu, wewe ni mtu mwema," akasema. "Ukija hapa utakula tunachokula. Lakini mwanangu hapimwi tena na mtu."

"Hakuna atakayempima, mama Zena. Ni darasani kwake tu."

"Hapimwi tena."

Nikamgeukia Zena. Nilijua yeye hatanyamaza. Hajawahi kuniachia neno lipite. Nikasubiri aniambie kitu chochote, hata anitukane kama alivyotukana mianzi. Akamalizia ganda la njegere alilokuwa nalo mkononi, akachukua jingine, kisha akasema bila kuinua kichwa, kama anayemwamkia mpita njia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikamjibu.